Bibi wa mapigo 101 na kijana wa mapigo 79

SEHEMU YA KWANZA

 

Wiki iliyopita sikuandika kitu. Nilipangiwa meza ya huduma ya kwanza kwenye mashindano ya gofu, yale ya kuchangia matibabu ya watoto. Mimi na gofu wapi na wapi! Nikaenda na sanduku langu la plasta, nikakaa chini ya mwembe. Kutwa nzima nilihudumia malengelenge mawili ya kisigino, dada mmoja aliyeumwa na nyuki, na mzee aliyezidiwa na jua, nikamkalisha kivulini akanywa maji mpaka akachangamka.

Kisa chenyewe kilitokea jioni kwenye kugawa zawadi. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, fimbo zake zinang'aa, aliyezunguka uwanja wote wa mashimo 18 kwa mapigo 79. Kwenye gofu anayepiga mara chache ndiye bora, kwa hiyo 79 ni kazi nzuri kwa mchezaji wa ridhaa. Halafu kulikuwa na bibi, mwalimu mstaafu, mwenye kofia ya ukindu. Yeye alipiga 101. Mia moja na moja!

Kikombe kikubwa akapewa bibi.

Kijana alipewa zawadi yake ya mapigo machache, bahasha tu, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kikombe. Alikuja mezani kwangu kuomba plasta na hasira zake zote. "Nesi, umeona haki ya hapa? Mtu kanizidi mapigo ishirini na mbili na bado anabeba kombe."

Nikamuuliza kijana mwingine, mmoja wa wale wanaobeba mabegi ya fimbo, imekuwaje. Hakuinua hata kichwa. "Bibi ana hendikapu 33, huyu ana 8. Toa mwenyewe uone."

Nikatoa. 101 toa 33, inabaki 68. 79 toa 8, inabaki 71. Bibi kashinda kwa mapigo matatu.

Mwenzangu, nilinyamaza. Hesabu ile ilinikumbusha mapacha.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kliniki ya watoto, alikuja mama na mapacha wa miezi mitano. Nikawapima uzito, nikatia nukta kwenye kadi, nukta zikaangukia chini kabisa. Nikawalaza kitandani: hakuna anayegeuka, hakuna hata anayejaribu. Nikamuuliza yule mama, kwa ile sauti yetu manesi tukichoka mnayoijua, tena mbele ya foleni nzima: "Mama, hawa watoto unawapa nini? Mbona wamechelewa hivi?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Nanyonyesha." Akawabeba watoto wake, mmoja mgongoni mmoja kifuani, akaondoka. Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata tena hakuja.

Kosa langu nililijua baadaye, na nitalisimulia mwishoni. Kwanza nataka muijue historia ya hiyo hendikapu, maana tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari zake usiku badala ya kulala, na nimegundua kwamba imejaa madaktari na wanawake wabishi. Yaani watu wetu.

SEHEMU YA PILI

Neno lenyewe ni la Kiingereza na asili yake ni mkono ndani ya kofia. Karne ya 17 huko London watu walikuwa na mchezo wa kubadilishana vitu. Tuseme wewe una doti ya khanga, mimi nina sufuria, tunataka kubadilishana lakini thamani hazilingani. Tunamwita mtu wa tatu awe mwamuzi. Yeye anasema, "Mwenye khanga aongeze shilingi kadhaa ndio mlingane." Kila mmoja ametoa kihela kidogo kama amana. Halafu mimi na wewe tunaingiza mikono kwenye kofia na kuitoa kwa pamoja: mwenye hela mkononi amekubali, mwenye mkono mtupu amekataa.

Utamu uko hapa. Tukikubali wote, mwamuzi anachukua ile amana. Tukikataa wote, anachukua vilevile. Mmoja akikubali na mwingine akikataa, mwamuzi hapati kitu, amana inakwenda kwa aliyekubali. Kwa hiyo mwamuzi alikuwa na sababu ya kupima vizuri, asimpendelee mtu, ili sote wawili tuione thamani kwa jicho moja. Samuel Pepys, yule Mwingereza aliyeandika kumbukumbu za kila siku, aliucheza mchezo huo mwaka 1660 kwenye kilabu cha pombe London, akaupenda.

Kutoka hapo neno likaenda kwenye mbio za farasi. Farasi hodari anabebeshwa uzito zaidi, dhaifu anapunguziwa, wote wafike mwisho wakiwa wanakaribiana. Gofu wenyewe walichelewa kulichukua hilo neno, lakini jambo lenyewe walikuwa nalo zamani.

Na hapa ndipo anapoingia mtu wetu wa kwanza. Thomas Kincaid, mwanafunzi wa udaktari, Edinburgh, Scotland. Mwaka 1687 aliandika kwenye daftari lake la kila siku namna ya kusimama, namna ya kuzungusha mikono, na usiku mmoja akawa anajiuliza swali: mtu hodari akicheza na asiye hodari, ni bora kumpa mdhaifu nafuu ili wacheze sawa kwa sawa na waweke dau sawa? Au wacheze bila nafuu, ila dau ndilo liwe tofauti? Huo ni mmoja wa mijadala ya mwanzo kabisa kuhusu hendikapu iliyobaki kwenye maandishi. Mwanafunzi wa udaktari, badala ya kusoma mifupa! Nimewahi kuishi hosteli na wa aina hiyo.

Kwa muda mrefu baada ya hapo mambo yalikuwa ya kupatana tu. Watu wawili wanajuana, mmoja anamwambia mwenzake, "Nakupa pigo moja kila mashimo matatu." Wa dhaifu zaidi anapewa moja kila mashimo mawili. Wa dhaifu kabisa, moja kila shimo, au hata mawili. Kilabu kikiwa kidogo hiyo inatosha, kama vile mtaani kwenu mnavyojua nani akicheza bao na nani lazima aanzishiwe na kete za ziada. Shida huanza mgeni akija.

SEHEMU YA TATU (fupi, nipo kwenye daladala)

Mgeni akija hujui umpe mapigo mangapi. Na wewe ukienda kwao hujui uwanja wao ukoje. Mwishoni mwa karne ya 19 gofu ilienea Uingereza kwa kasi, reli zimefika kila mahali, watu wanasafiri Jumamosi kwenda kucheza kwa wenzao. Kila kilabu kikawa na hesabu yake. Kawaida walichukua matokeo yako bora matatu ya mwaka, wakatafuta wastani, wakatoa idadi ya mapigo ambayo kilabu kilisema ndiyo ya kawaida kwa uwanja wake. Umeona tatizo? Kilabu kinajipimia chenyewe. Wengine walijisifu uwanja wao ni mgumu, wengine walijisifu wachezaji wao ni hodari. Mtu wa hendikapu 10 kwao anafika kwenu anachapwa kama mtoto.

Mwaka 1890 huko Coventry, Hugh Rotherham akaja na wazo: kila shimo liwe na idadi maalumu ya mapigo ambayo mchezaji mzuri asiyekosea angetumia. Unashindana na hiyo namba badala ya kushindana na mtu. Wazo likafika Great Yarmouth, mikononi mwa Dk. Thomas Browne, daktari wa jeshi la majini. Daktari wa pili huyo, hesabuni. Wakati huo kulikuwa na wimbo maarufu kwenye kumbi za muziki kuhusu zimwi linalokuja kukukamata, zimwi lenyewe linaitwa Bogey. Rafiki yake Browne alipochapwa na ile namba isiyoonekana akasema huyu mchezaji wenu ni zimwi kweli. Jina likakaa. Mwaka 1892 likafika kwenye kilabu cha maofisa wa jeshi huko Gosport, ambako kila mwanachama ana cheo. Zimwi haliwezi kuingia bila cheo, wakalipa ukanali. Ndiyo asili ya Colonel Bogey, Kanali Zimwi, anayecheza kila siku kwa utulivu, hakosei, wala hachoki.

Sisi tuna methali yetu kuhusu zimwi likujualo. Hili lao halikumjua mtu. Lilimla mgeni na mwenyeji sawasawa.

Nashuka hapa. Kesho habari za akina mama.

SEHEMU YA NNE

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nikae kitandani wima saa sita usiku, baba watoto akaniuliza kuna nini.

Aprili 1893 wanawake wa Uingereza waliamua kuunda umoja wao wa gofu, Ladies' Golf Union. Aliyewasaidia sana ni William Laidlaw Purves, daktari bingwa wa masikio kutoka Scotland aliyefanya kazi London. Daktari wa tatu! Lakini roho ya umoja ilikuwa katibu wake, Issette Pearson.

Kabla hata hawajaanza, mchezaji maarufu wa wakati huo, Horace Hutchinson, aliombwa ushauri. Akajibu kwa barua. Kwa ufupi aliwaambia waache: wanawake hawajaumbwa kwa mchezo mrefu wa namna hiyo, wataanza kugombana, mashindano yao ya kwanza yataisha kwa machozi na kuvutana nywele. Mnaijua hiyo barua. Kila mmoja wetu amewahi kuipata kwa namna yake.

Wakafanya mashindano mwaka huohuo, Lytham St Annes. Bingwa akawa Lady Margaret Scott, binti mdogo hodari kupita kiasi. Aliyemfunga kwenye fainali ni Issette Pearson. Mwaka uliofuata, 1894, fainali ileile, watu walewale, Pearson akafungwa tena.

Sasa fikiria. Umefungwa fainali mbili mfululizo na mtu mmoja. Wengine tungetupa fimbo. Pearson yeye alishika kalamu. Kama katibu aliona kwamba umoja hauwezi kuandaa mashindano ya haki kama kila kilabu kinajipimia. Kwa hiyo umoja ukachukua kazi ya kupima. Kipimo cha uwanja kikawa hakitoki tena kwa wenye uwanja, kikatoka kwa umoja, kwa sheria moja, na hendikapu ya mwanamke ikahesabiwa kutokana na kipimo hicho. Kilabu kikinung'unika kwamba uwanja wake umedharauliwa, kinung'unike. Inasemwa alikuwa mkali. Nampenda tayari.

Ndani ya miaka minane hadi kumi mwanamke wa kaskazini aliweza kusafiri kusini na hendikapu yake ikawa na maana ileile. Wanaume, wenye viwanja vikubwa na fedha na magazeti, hawakuwa na mpango wa namna hiyo wa nchi nzima mpaka mwaka 1926, pale mabaraza yao yalipokubaliana kipimo kimoja. Miaka zaidi ya ishirini baada ya akina mama. Mwanahistoria wao mmoja, Robert Browning, alikiri wazi kwenye kitabu chake cha mwaka 1955 kwamba wanawake waliweza pale wanaume waliposhindwa.

Marekani nao walikuwa na wao. Leighton Calkins wa New Jersey aliandika kijitabu cha hendikapu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1911 chama cha gofu cha nchi hiyo, USGA, kikachukua mpango wake. Uwanja ulipimwa kwa kumfikiria bingwa wa ridhaa, Jerome Travers: angetumia mapigo mangapi hapa? Hiyo ndiyo namba ya uwanja.

Mkae na hilo jina la Travers kidogo. Kesho nalirudia.

SEHEMU YA TANO

Nilisema nitamrudia Travers.

Ukipima uwanja kwa kumwangalia bingwa tu, utapata namba sahihi kwa bingwa. Na kwa mwingine je?

Chukua viwanja viwili. Wa kwanza ni tambarare, nyasi fupi, hakuna maji. Wa pili una bwawa mbele ya kila shimo, mita 140 kulivuka. Bingwa anapiga mita 220 bila jasho. Bwawa kwake ni pambo, hata halioni. Bibi yetu wa kofia ya ukindu anafikisha mita 130. Kila shimo anatumbukiza mpira, anaongezewa pigo la adhabu, anapiga tena. Bingwa atamaliza viwanja vyote viwili kwa mapigo 72. Bibi atamaliza wa kwanza kwa 100, wa pili kwa 125. Kipimo cha bingwa kitasema viwanja ni sawa. Na bibi atajiona amekuwa mbovu.

Hizo ni namba zangu za mfano, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Aliyelishika swali hili vizuri ni Dean Knuth, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alilifanyia utafiti alipokuwa masomoni. Baadaye akaongoza idara ya hendikapu ya USGA. Wakaweka sheria: kila uwanja upimwe mara mbili, mara moja kwa mchezaji hodari na mara moja kwa mchezaji wa kawaida. Yule wa kawaida wakampa jina la zamani, la zimwi. Bogey, aliyekuwa kanali asiyekosea, kashushwa cheo akawa mtu wa kawaida wa hendikapu kama 20 kwa wanaume, 24 kwa wanawake.

Halafu unaangalia pengo kati ya vipimo viwili. Pengo likiwa kubwa, uwanja unamuumiza mdhaifu kuliko hodari. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari unaopanda, na ukali wa huo mstari ndio unaoitwa slopu, yaani mteremko. Slopu inaanzia 55 mpaka 155, na ya wastani iliwekwa 113. Colorado ndio walioanza kuijaribu mwaka 1982.

Tuhesabu, maana najua humu kuna walimu. Hendikapu yako unaizidisha kwa slopu ya uwanja, unagawanya kwa 113. Mtu wa 20 kwenye uwanja wa slopu 113 anapewa mapigo 20. Akienda uwanja wa slopu 140 anapewa 25. Akienda uwanja mwepesi wa 90 anapewa 16. Sasa mchukue hodari wa 2. Kwenye 113 anapewa 2. Kwenye 140, anapewa 2 na nusu kasoro, yaani 2. Hajabadilika! Ugumu wa ardhi umemgusa mdhaifu, hodari umempita. (Siku hizi kuna marekebisho mengine kidogo juu ya hapo, lakini moyo wa hesabu ni huo.)

Kuna watu huwapima hivyo viwanja kwa miguu, wakiwa na vipimo mkononi. Wanatazama urefu, lakini urefu wanaousahihisha: uwanja unapanda au unashuka, upepo ukoje, uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Arusha na Nairobi hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo mita 400 za Nairobi ni fupi kuliko mita 400 za Dar. Halafu wanatoa alama, sifuri hadi kumi, kwa vikwazo kumi kwenye kila shimo: mwinuko wa ardhi, upana wa njia, ugumu wa kulenga, nyasi ndefu, mashimo ya mchanga, mipaka, maji, miti, utelezi wa nyasi za mwisho. Cha kumi kilinifanya nicheke peke yangu: woga. Kabisa. Vikwazo vikikusanyana mahali pamoja, vinaongezewa alama kwa sababu ya kumtia mtu hofu.

Kiboko hayumo. Ila kule Jinja, Uganda, uwanja unakaribia mto Nile, na walikuwa na sheria yao kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Hiyo nayo ni haki.

Na jambo moja zaidi: wanawake na wanaume wanapimiwa tofauti kwenye uwanja uleule. Mwanamke wa kawaida kwenye kitabu chao anapiga yadi 150, mwanamume wa kawaida yadi 200. Hawajasema mwanamke afikishe 200 kisha tumhurumie. Wamesema bwawa lililo yadi 160 ni bwawa kwake, kwa mwenzake ni njia.

SEHEMU YA MWISHO

Mmenijazia inbox mnadai mapacha. Tulieni, nakuja.

Nimalizie kwanza. Mpaka juzijuzi dunia ilikuwa na mipango sita tofauti ya hendikapu: Marekani wa kwao, Uingereza na Ireland wa kwao, Ulaya, Australia, Afrika Kusini, Argentina. Januari 2020 wakauunganisha kuwa mmoja. Sasa wanachukua matokeo yako 20 ya karibuni, wanachagua 8 yaliyo bora, wanatafuta wastani. Nane bora, sio yote, kwa sababu wanapima kile unachoweza siku yako nzuri. Na shimo moja likikuharibikia vibaya kuna kikomo cha mapigo yanayohesabiwa, ili balaa la dakika kumi lisikuharibie mwezi mzima. Hendikapu ya juu kabisa ikawa 54 kwa wote. Kabla ya hapo Marekani mwanaume aliishia 36.4 na mwanamke 40.4, ukizidi hapo mpango haukutambui. Sasa anayeanza leo, anayepiga mapigo matatu zaidi kwa kila shimo, naye ana namba yake na anaweza kushindana.

Yule kijana wa 79 ndiye mchezaji bora kuliko bibi, hilo hakuna anayelibisha, wala kikombe hakikusema vinginevyo. Kikombe kilisema bibi siku ile alicheza vizuri zaidi ukilinganisha na bibi mwenyewe. Ni kweli wapo wanaodanganya, wanapiga hovyo mwaka mzima ili hendikapu ipande, waje wavune zawadi. Kijana alinidokezea hivyo. Nikamwambia yule bibi nimemfunga bandeji ya goti saa tatu asubuhi, goti lenyewe nimeliona.

Haya, mapacha.

Miezi miwili ilipita. Mkuu wa kitengo chetu, mama mtu mzima, alikuwa anapitia daftari akaona wameacha kuja. Akaniuliza, "Hawa walizaliwa wiki ya ngapi?" Nikatazama. Wiki ya 32. Akauliza tena, "Na mimba ni wiki ngapi?" Arobaini. "Toa."

Nane. Wiki nane, karibu miezi miwili. Wale watoto niliowatia nukta kwenye mstari wa miezi mitano, miili yao ilikuwa ya miezi mitatu. Nukta zile nikizihamisha, zinakaa ndani ya njia. Mtoto wa miezi mitatu kutogeuka ni kawaida tupu. "Mtoto ana miezi mitatu tu tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa, wewe umeshaanza kumdai ya miezi mitano," aliniambia. Nilijua somo hilo la umri uliosahihishwa. Nilifundishwa chuoni, nikafanya mtihani, nikafaulu. Siku ile nilikuwa na foleni ya akina mama sitini na nikatumia kipimo cha mtoto wa wiki 40.

Tulimtuma mhudumu wa afya wa mtaa akamtafute. Alikuja watoto wakiwa na miezi minane. Nilisimama nikamwomba radhi mbele ya foleni, kwa kuwa nilimsema mbele ya foleni. Hakulia. Aliniambia, "Dada nesi, nyumbani mama mkwe ameshasema maziwa yangu mepesi. Na wewe ulivyosema, nikajua ni kweli." Alikuwa amewaanzishia uji wiki ileile. Wakaharisha wote wawili, mmoja akalazwa siku nne. Kadi ya kulazwa aliitoa kwenye mkoba akaniwekea mezani, bila neno.

Wakati ule mmoja alikuwa ameanza kukaa akiegemezwa mito. Tulipiga hesabu pamoja, miezi minane toa miwili, sita. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole mara ya pili mwenyewe, akasema, "Kumbe wako sawa."

Kwa hiyo ninyi mliojifungua kabla ya wakati, fanyeni hivi usiku huu. Chukua 40, toa wiki uliyojifungulia. Wiki zinazobaki, ziondoe kwenye umri wa mtoto kila unapoangalia ukuaji, uzito, kukaa, kutambaa, kutembea. Fanya hivyo mpaka afikishe miaka miwili. Nesi akikuuliza umri, mtajie umri wote miwili na wiki uliyojifungulia, hata kama hajauliza, hata kama foleni ni ndefu. Chanjo ni kitu kingine, hazisogezwi nyuma, zinafuata tarehe halisi aliyozaliwa, mpaka daktari wako akuambie tofauti. Na mtoto akionekana kuchelewa hata baada ya kutoa hizo wiki, au akilegea, au akiacha jambo alilokuwa analiweza, njoo. Usisubiri miaka miwili iishe.

Mama Faraja ameuliza kwenye maoni kama mtoto wa wiki 37 naye anatolewa. Huyo tunamhesabu amefika, hana haja. Wengine ambao hesabu imewachanganya piga picha ukurasa wa kadi wenye tarehe, funika jina, nitumie inbox. Nipo zamu ya usiku mpaka Alhamisi, kwa hiyo majibu yatakuja saa za wanga.